Risasi isiyo na mlio: Vumbi la rangi kuukuu linavyotoka mjengo hadi kwa keja yako

Kama umewahi kupiga mjengo, unajua kuna kazi moja ambayo kila mtu huiwinda. Si kubeba kokoto, si kuchanganya zege, na hakika si kupandisha mawe ya Ndarugo hadi orofa ya nne kwa bega. Ni kukwangua rangi. Unakaa kivulini, unapewa skrepa na msasa, unasugua mlango polepole huku ukisikiza redio ya fundi. Hakuna anayekufokea. Mimi nilipopangiwa hiyo kazi nilidhani Mungu amenikumbuka.

Nilikuwa nimetoka chuo muhula wa tatu. Stori ya karo nitakuruka nayo, unaijua tayari. Nikarudi kulala kwa sebule ya dada yangu Kayole, na kila asubuhi nikawa nadandia mat hadi upande wa Ngara. Kulikuwa na bangalo moja ya kitambo huko, ya wakati wa mkoloni, inageuzwa kuwa ofisi. Malipo ni soo sita kwa siku, na soo sita bila kubeba mawe ni baraka.

Milango ilikuwa ya mbao ngumu, madirisha ya chuma, na rangi zimepakwa tabaka juu ya tabaka. Juu krimu, chini yake kijani kile cha ofisi za serikali, na chini kabisa nyeupe moja nzito iliyopasuka-pasuka kama ngozi ya mamba. Fundi alisema toa yote hadi mbao ionekane. Tukatoa. Wiki tano nzima, msasa mkavu, madirisha yamefungwa ili vumbi lisiende kwa jirani aliyekuwa amelalamika. Jioni tulikuwa tunatoka weupe kama waoka mandazi, tunapigana picha, tunacheka.

Saa saba mama wa chakula alikuwa anafika na ndoo zake. Chapo madondo. Maji ya pipa yalikuwa ya zege, na ukiyagusa bila ruhusa utamsikia msimamizi. Kwa hivyo tulikuwa tunapangusa mikono kwa suruali, suruali ile ile yenye vumbi, halafu tunararua chapo. Baada ya hapo wengine walikuwa wanatoa jaba mfukoni, jani kwa jani hadi saa kumi. Hebu fikiria mikono hiyo imeingia mdomoni mara ngapi.

Halafu nilikuwa naenda nyumbani. Dada yangu ana msichana wa miaka miwili, na huyo mtoto alikuwa na mchezo mmoja: akisikia mlango, anakuja mbio, ananikumbatia miguu, anafuta uso wake kwa suruali yangu. Usiku nilikuwa nakunja jaketi ya kazi nafanya mto. Asubuhi mto huo ndio alikuwa anaurukia.

Shida ilianza karibu wiki ya nne. Tumbo linanyonga, choo hakuna siku tatu, kichwa kinagonga kuanzia mchana. Kila kitu kilikuwa na ladha ya sarafu, kama umemumunya shilingi tano. Na hasira! Nilimfokea konda mmoja juu ya balansi ya kumi hadi abiria wakaninyamazisha. Nikaenda kliniki ya mtaa, wakasema taifodi. Nikameza dawa za taifodi. Nikarudi, wakasema vidonda vya tumbo. Nikameza hizo pia. Si unajua venye huku kwetu kila tumbo ni taifodi hadi ithibitishwe vinginevyo.

Mara ya tatu nilimpata klinisheni mwingine, dada mmoja mpole wa makamo. Kabla hajaandika chochote akaniuliza, "Unafanya kazi gani?" Nikamwambia mjengo. Akauliza, mjengo gani, unafanya nini hasa huko? Nikamwambia nakwangua rangi kwa nyumba ya zamani. Akaweka kalamu chini. Hilo swali moja ndilo hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza, na lingeokoa wiki tatu za antibayotiki bure. Wewe ukienda hospitali, usingoje kuulizwa. Sema unafanya kazi gani na unashika nini kila siku.

Akaniambia nipimwe madini ya risasi kwa damu. Kipimo hicho hakiko kwa kila kliniki, nilitumwa maabara kubwa ya mjini, na kikakula karibu pesa yote ya wiki. Majibu yakarudi 31. Yaani maikrogramu 31 za risasi kwa kila desilita ya damu, na desilita ni kama nusu ya glasi. Shirika la Afya Duniani linasema mtu yeyote akifika 5, chanzo kitafutwe na kiondolewe. Tena linasema hakuna kiwango chochote kinachojulikana kuwa salama.

Klinisheni aliposoma karatasi hakuanza na mimi. Aliuliza, "Nyumbani kuna mtoto?"

Ngoja nikueleze hiki kitu ni nini, kwa sababu mimi mwenyewe nilipoambiwa "risasi" nilifikiria ile ya polisi. Ni neno moja kwa vitu viwili kwa sababu risasi za bunduki hutengenezwa kwa madini haya. Ni chuma kizito, laini, kinachoyeyuka upesi, nyuzi 327 tu, na ndiyo maana kimetumiwa kila mahali: betri za gari, mabomba, vyuma vya kulehemu nyaya, petroli. Ile petroli yenye risasi Kenya iliachana nayo 2006. Kwa rangi, risasi iliwekwa kimakusudi. Ilifanya nyeupe iwe nyeupe kweli, ikafanya njano na nyekundu ziwake, ikafanya rangi ya mafuta ikauke haraka na ivumilie jua na mvua. Ilikuwa bidhaa nzuri, kama utasahau inachofanya kwa binadamu.

Ikiwa ukutani imetulia, haina noma. Risasi hairuki kutoka kwa rangi ikakufuata. Inakuwa sumu unapoigeuza vumbi au moshi. Kwa ngozi inapita kidogo sana, kwa hivyo usihangaike kwamba umeishika. Njia zake ni mbili: unaivuta kwa pumzi, au unaimeza. Wengi wa mjengo huwaza kuhusu pua peke yake, ndiyo maana wanafunga leso usoni, halafu saa saba wanaimeza na chapo.

Ikiingia, mwili unaichanganya na kalsiamu. Unadhani ni rafiki, unaikaribisha. Ile iliyo kwa damu hupungua, nusu yake huondoka kwa karibu mwezi mmoja ukiacha kuongeza nyingine. Lakini kwa mtu mzima zaidi ya asilimia 90 ya risasi yote mwilini huishia kwa mifupa, na huko inaweza kukaa miaka mingi, hata zaidi ya umri wako wa sasa. Mwanamke akipata mimba miaka mingi baadaye, mifupa inapotoa kalsiamu kumjenga mtoto, risasi inatoka nayo. Na kuna wasichana wengi siku hizi kwa mjengo, wengi wao kwa upande wa rangi na tailzi. Hii ni stori yao kabla haijawa yangu.

Kwa mtu mzima inapandisha presha, inaharibu figo, inadhoofisha mishipa ya fahamu hadi mtu anashindwa kuinua kiganja, na kwa wanaume inapunguza nguvu na idadi ya mbegu. Naona hapo ndipo wasee huwa wanasimamisha simu na kusoma tena. Kwa mtoto ni mbaya zaidi. Mtoto mdogo hufyonza risasi anayomeza mara nne au tano zaidi ya mtu mzima, na inaenda moja kwa moja kwa ubongo unaokua. Hana dalili. Hakohoi, hatapiki, anacheza vizuri tu. Miaka mitano baadaye mwalimu anasema huyu hashiki masomo, hatulii, na hakuna anayekumbuka suruali ya mjomba.

Kama unadhani hizi ni hekaya za Wazungu, kumbuka Owino Uhuru, Mombasa. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilianza kazi karibu na mtaa huo 2007. Phyllis Omido aliajiriwa pale akiwa na mtoto anayenyonya, na huyo mtoto akaugua, madaktari wakahangaika hadi damu ilipopimwa risasi. Hakuwa amekanyaga kiwanda. Ilimfikia kupitia mama yake. Omido alipigana hadi kiwanda kikafungwa 2014, mwaka uliofuata akapata tuzo ya Goldman, na 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ikaamua wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, uamuzi uliokatiwa rufaa na kuzungushwa mahakamani kwa miaka. Watu wengi wanakumbuka kesi na mabilioni. Mimi sasa nakumbuka yule mtoto.

Maanake wangu pia alipimwa. Dada yangu alimbeba mgongoni, tukaenda na pesa aliyokuwa ameweka ya kodi. Majibu: 12. Daktari alisema kwa kiwango hicho hakuna dawa ya kupewa, dawa za kutoa risasi kwa damu ni za walio juu sana, kuanzia 45 kwa watoto, na zenyewe si mchezo. Kinachofanywa ni kuondoa chanzo, kumlisha vyakula vya chuma na kalsiamu ili mwili usiwe na njaa ya kufyonza risasi, na kupima tena. Chanzo kilikuwa kimekaa hapo kwa benchi, kimeshika kofia mkononi. Dada hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Tulipofika nyumbani alitoa jaketi yangu nje kwa fimbo, kama mtu anayetoa nyoka.

Sasa, unaweza kusema hayo ni ya nyumba za mkoloni, mimi nafanya kazi kwa maghorofa mapya Ruaka. Ni kweli, hatari kubwa iko kwa ukarabati na ubomoaji. Lakini hebu angalia Nairobi inaenda wapi. Mtaa wa zamani wa Pangani ulishabomolewa ukapisha maghorofa. Kaloleni, Ziwani, Bahati, Jericho, hizi ni nyumba zilizopakwa rangi za mafuta miaka ya risasi, na zinakarabatiwa au kusubiri kubomolewa. Shule za kitambo, hospitali za kitambo, stesheni za reli, madaraja ya chuma. Kila moja itahitaji kijana wa soo sita kuikwangua, na huyo kijana anaweza kuwa wewe au ndugu yako.

Halafu kuna welda. Ukikata chuma cha zamani chenye rangi kwa gesi au ukilehemu juu ya rangi, ule moshi una risasi laini kuliko vumbi lolote la msasa, inaenda ndani kabisa ya mapafu. Kuna wale wanaochoma rangi kwa moto ili ibanduke haraka, na hao wanajipikia sumu. Na kuna ile tabia ya kuchukua fremu na milango iliyong'olewa, rangi zake zote, kuwashia jiko la githeri la mjengo. Nimekula hiyo githeri. Moshi una risasi, jivu lina risasi, na lile jivu hutumika kusugua sufuria.

Hata rangi mpya si ya kuaminiwa tu kwa sababu kopo linang'aa. Kiwango chetu kinaruhusu sehemu 90 pekee za risasi kwa kila sehemu milioni, yaani gramu 90 kwa tani nzima ya rangi. Hicho ni kiwango kikali na kizuri. Lakini wanaharakati wa CEJAD hapa Nairobi waliwahi kununua rangi za mafuta madukani na kuzipima, na wakapata zilizopita hapo mbali sana, hasa za njano. Kwa hivyo ukinunua kopo la bei ya kutupwa lisilo na alama ya KEBS, rangi yake inawaka kama mat ya Rongai, jiulize inawakia nini.

Na wewe usiyepiga mjengo, unayesoma hii ukiwa kwa kitanda cha keja yako, usijione hauhusiki. Umeona video ya kubadilisha meza kuukuu kuwa ya kisasa, ukanunua msasa, sasa unasugua kwa balkoni huku mtoto wa jirani anatazama. Ni kitu kile kile.

Nilipoanza kuuliza wasee wa mjengo wanajikinga vipi, karibu wote walinipa jibu moja: maziwa. Pakiti moja jioni, "yanaosha kifua." Hii imani ni ya zamani kuliko mimi na sitaki kuitukana, kwa sababu maziwa ni chakula, na mtu aliyeshiba, mwenye kalsiamu tumboni, hufyonza risasi kidogo kuliko mwenye njaa. Lakini hayaoshi chochote. Kilichoingia kimeingia. Pakiti ya maziwa juu ya mikono michafu ni kujidanganya kwa shilingi sitini.

Jibu la pili ni barakoa. Ile ya buluu ya wakati wa korona haisaidii hapa, vumbi linaingia pembeni. Leso ndiyo bure kabisa. Unayohitaji ni N95 kwenda juu, inayobana uso pande zote, na kama una ndevu za kuringia haitabana. Kwa kazi nzito kuna ile ya mpira yenye vichujio viwili vya P100, ghali mwanzoni lakini unabadilisha vichujio tu. Ujue N95 inazuia vumbi, haizuii harufu ya tina, hiyo inataka kichujio kingine.

Lakini ukiniuliza nichague kitu kimoja, sitachagua barakoa. Nitachagua maji.

Nisikize. Ile chupa ya kinyozi ya kunyunyizia, unaijua? Jaza maji, tone la sabuni, nyunyizia mlango, ngoja dakika moja, halafu kwangua. Rangi inatoka kama ganda, inaanguka chini ikiwa nzito, hairuki. Ikikauka nyunyizia tena. Kama ni msasa, tumia ule wa maji. Unafanya polepole kidogo, naam, labda mlango mmoja chini ya kawaida kwa siku. Karibu na soketi na nyaya zima stima kwanza. Chini tandika nailoni nzito, na jioni uikunje na uchafu wake ndani, ufunge. Usifagie kukavu, ufagio unarudisha kila kitu hewani kikusubiri kesho. Pangusa kwa kitambaa kibichi. Kubebesha vumbi la risasi kwa mashine ya kawaida ya kufyonza pia ni hapana, inalipuliza upande wa pili, labda iwe na kichujio cha HEPA.

Na kabla ya hayo yote uliza swali ambalo hakuna aliyeuliza pale Ngara: kwani lazima itolewe? Rangi iliyoshika vizuri, haijabanduka, unaweza kuipaka nyingine juu na kuiacha ilale. Tulitoa tabaka zote kwa sababu mwenye nyumba alitaka kuona mbao. Kuona mbao tu.

Maji ya pili ni ya mikono. Mikono na uso, kwa sabuni, kabla ya chapo, kabla ya sigara, kabla ya jaba, hata kabla ya kushika simu. Kula mbali na vumbi, si kukalia ndoo ya rangi. Nguo za kazi zibaki kazini, na kama hakuna pa kuziacha ziingie kwa mfuko wa plastiki na usifunguliwe ndani ya nyumba. Zifuliwe peke yake, zikiwa zimelowa, zisikung'utwe kwanza. Viatu nje. Oga kabla ya kumbeba mtoto yeyote. Hapa najua utasema maji Kayole huja Jumanne na Ijumaa. Hata beseni moja inatosha, mimi natumia beseni moja.

Umeona kitu? Karibu kila kitu hapo ni maji, sabuni na dakika ishirini. Hakuna kinachohitaji mhandisi. Na hapo ndipo hasira yangu iko, kwa sababu hata hizo dakika ishirini hazikuwa zangu. Ukiacha skrepa saa sita u nusu kwenda kunawa, unaambiwa getini kuna wengine kumi. Nimesoma makala kibao zinazomwambia kibarua ajikinge, kana kwamba pipa la maji ni lake. Anayeweza kusema "leo tunakwangua kubichi, na kila mtu ananawa" ni msimamizi, na anayeweza kumfanya aseme ni anayelipa. Mjengo unapigiwa hesabu ya saruji, chuma, mbao, hata soda ya mkaguzi. Sabuni haimo.

Kisheria mambo yako wazi kabisa. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri atoe mavazi ya kinga yanayofaa kwa kazi yenye vitu vya kudhuru, na si kukukata kwa malipo. Inasema pia ukiona hatari kubwa uiripoti, na usilazimishwe kurudi pale hadi irekebishwe. Kuna kanuni za 2005 kuhusu uchunguzi wa kimatibabu kwa kazi hatari. WIBA ya 2007 inahusu fidia ya ajali na magonjwa yanayotokana na kazi, hata kwa kibarua. Idara inayosimamia haya inaitwa DOSHS, ina ofisi kwa kaunti, na unaweza kupeleka malalamiko. Andika tarehe ulizofanya kazi, weka picha za eneo na jumbe za M-Pesa ulizolipwa nazo. Sisi vibarua hatuna barua ya kuajiriwa, jumbe za M-Pesa ndizo barua yetu.

Marekani ilipiga marufuku rangi ya risasi majumbani 1978, na tangu 1993 ina kanuni maalum ya risasi kwa mjengo: kiwango cha hewa ni maikrogramu 50 kwa mita ya ujazo kwa saa nane, lazima kuwe na mahali pa kunawa, damu inapimwa, na ukifika 50 kwa damu unaondolewa kwa vumbi huku mshahara ukiendelea. Huko wenyewe kuna wataalamu wanaosema viwango hivyo ni vya kizamani na ni vya juu mno. Mimi nilikwama kwa ile sehemu ya mshahara ukiendelea. Mimi nilipomwonyesha msimamizi karatasi yangu alisema pole, akachukua namba ya kijana mwingine.

Nilirudi pale kama wiki mbili baadaye kudai siku nne zangu. Huyo kijana alikuwa chumba cha nyuma, dirisha limefungwa, anasugua. Nilimweleza yote, nikamwonyesha majibu kwa simu. Alisikiza vizuri. Akaniuliza kama najua mahali kuna kazi ingine. Sikujua. Nikamwachia chupa yangu ya kunyunyizia na N95 mbili, na nikamwambia afungue dirisha, jirani alalamike. Nilipofika getini niligeuka, lilikuwa limefunguliwa.

Mimi sasa napaka, sikwangui, na nikilazimika nakwangua kubichi. Kipimo cha pili kilikuwa 17. Mtoto alirudiwa baada ya miezi mitatu akawa 7, ambayo bado si sifuri, na tutarudi tena mwezi wa Oktoba. Dada yangu ananisemesha vizuri siku hizi. Ameweka beseni, sabuni na ndoo yenye kifuniko nje ya mlango, na ametundika pazia kwa kamba ili majirani wasinione nikivua.

Mtoto ameshajua utaratibu. Akisikia viatu vyangu kwa ngazi haji mbio tena. Anasimama nyuma ya mlango anapiga kelele, "Anko, umeoga?"